Mapazia ya kitambaa kimoja: kumtafuta ajenti wa Nakuru ukiwa ng'ambo

Ukinunua nyumba za kupangisha, mambo ya hati unayajua: wakili wako mwenyewe, sachi (kukagua hati kwenye rejista ya ardhi), PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ushuru wa stempu asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Hayo sitayarudia. Hati yangu ilikuwa safi na bado niliumia.

Ajenti alikuwa na maneno matamu. Bedsita kumi, yaani nyumba za chumba kimoja, upande wa Lanet pale Nakuru, zote zimejaa, kila moja elfu nane kwa mwezi. Nikamtuma mdogo wangu. Akanipigia video Jumamosi asubuhi: nguo kambani, pazia kila dirisha. "Dada, zimejaa kabisa." Nikatuma pesa. Desemba nilipofika, nilikuta wapangaji wanne. Madirisha sita yaliyobaki yalikuwa na mapazia ya kitambaa kimoja, maua ya zambarau, yamekatwa kwa makasi bila hata kupindwa ukingo. Nyuma yake, vumbi la simiti. Mdogo wangu simlaumu sana, lakini jamani, ukitumwa kuangalia nyumba, piga hodi! Dirisha halilipi kodi.

Tafuta ajenti anayesimamia nyumba za watu na kukusanya kodi. Huyo akikudanganya leo, mwezi ujao ndiye utakayemuuliza pesa ziko wapi. Anayeuza tu huchukua kamisheni na simu yake ikazimwa. Mwombe leseni ya mwaka huu kutoka bodi ya usajili wa mawakala wa nyumba, kisha umwambie akupe nambari za wenye nyumba wawili anaowasimamia, na uwapigie.

Halafu usiamini kodi ya mdomo. Nasema tena, usiamini kodi ya mdomo. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili. Kama kila chumba kina mita yake, omba rekodi ya tokeni za umeme: chumba kitupu hakinunui stima. Omba pia risiti za KRA. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba anayepokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya, na bedsita kumi za elfu nane ni 960,000. Kama risiti hakuna, ama muuzaji anakwepa ushuru ama vyumba ni vitupu.

Kuna na cha juu, pesa ambazo ajenti hujiongezea juu ya bei ya muuzaji. Ajenti akikukataza kuongea na muuzaji, ujue bei imeongezwa. Mimi nilikuja kujua kwamba mzee aliyeuza hakuiona laki tatu ya pesa zangu.

Hapa Massachusetts, Marekani, ninakoishi, tangu Agosti 2024, maajenti wengi hawakuonyeshi nyumba kabla hujatia sahihi karatasi inayosema watalipwa ngapi. Si wema, walishtakiwa. Lakini sisi tunaona haya hata kuuliza, "Wewe utapata ngapi?" Wenzetu hawana haya ya pesa. Ila jirani yangu wa Lowell ni mwaka wa tatu sasa, na jina lake silijui.

Lanet si hivyo. Mama mboga wa pale langoni aliniambia vyumba vile vilihamwa maji yalipokatika, na mapazia yalitundikwa Ijumaa jioni. Hakuna aliyemuuliza. Siku hizi nikimtuma mdogo wangu kuangalia ploti, namtumia na mia mbili ya kununua sukuma kwa mama mboga.