Kulisaka Joto Linalopotea Katika Boila ya Kuni ya Nyumbani

Kuni zinapoteketea kwa wingi na vyumba vikabaki baridi, lawama ya kwanza huangukia boila, yaani tanuri linalopasha maji yanayozunguka kwa mabomba kuipa nyumba joto, na mara nyingi huwa ni ya bure. Kabla ya kununua kubwa zaidi, tafuta kwanza joto linakopotelea; kazi hiyo huhitaji themomita, karatasi na subira ya siku mbili tatu.

Anza na kuni zenyewe. Mti mbichi huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyageuza kuwa mvuke unaotokea dohani, ilhali kuni zinazofaa hazizidi unyevu wa asilimia 20. Ukiwa na kipimo cha unyevu, pasua gogo na upime uso wa ndani papo hapo, kwa maana ganda la nje hukauka mapema na hudanganya.

Kisha tazama njia ya moshi. Baada ya kusafisha boila vizuri, andika joto la moshi wakati moto umekolea. Likija kupanda nyuzi 40 au 50 juu ya hapo, huenda masizi yamefunika kuta za kubadilishia joto na kuyanyima maji haki yao. Mlango nao ujaribiwe boila ikiwa imepoa: bana karatasi kati ya mlango na fremu, uivute, na inapotoka bila kukwama ujue gaskiti, yaani ukanda unaoziba ukingo wa mlango, imechoka. Usijaribu kubana joto kwa kuziba hewa inayoingia motoni, kwani moto unaofuka huacha utando mweusi kama lami ndani ya dohani, ambao huweza kuwaka, na huzalisha kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kengele ya kugundua gesi hiyo ni ya lazima.

Mahali ninapopashuku kuliko pote ni mabomba ya maji, hasa yaliyofukiwa kati ya boila ya nje na nyumba. Funga kichwa cha themomita kwenye bomba la chuma lisilofunikwa, pale linapotoka kwenye boila, kwa kitambaa kinene, ungoje dakika kadhaa, usome. Kisha fanya vivyo hivyo pale bomba linapoingia nyumbani. Tumia themomita ileile, kwa sababu mbili huweza kutofautiana kwa nyuzi unazozitafuta. Maji yakienda lita 20 kwa dakika na yakapoa nyuzi 2 tu njiani, hasara ni karibu kilowati 2.8 saa zote pampu inapozunguka, na bomba la kurudi lina hasara yake pia. Tofauti ya kiasi hicho kwa masafa mafupi mara nyingi humaanisha kwamba maji ya ardhini yameingia ndani ya kifuniko cha bomba, na kihami kilicholowa hakizuii joto. Pengine utaona theluji imeyeyuka kwa mstari juu ya njia ya bomba. Hapo hapana budi kuchimba na kubadilisha.

Pima pia maji yanayorudi kwenye boila. Yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi muda mrefu, mvuke uliomo katika moshi hugeuka maji kwenye kuta za boila, huleta kutu na utando, na uhamishaji wa joto huzorota. Valvu inayochanganya maji ya moto na yale yanayorudi ndiyo ya kukaguliwa.

Usiku, baada ya moto kuzimika na boila kupoa, simamisha pampu na uandike joto la tangi la akiba, linalohifadhi maji ya moto, kisha ulisome tena alfajiri. Tangi la lita 1,000 likishuka nyuzi 10 limepoteza takriban kilowati-saa 11.6, sawa na nguvu iliyomo katika kilo 3 hivi za kuni kavu. Gusa kwa tahadhari mabomba yanayotoka tangini: lililo moto mita kadhaa mbali na tangi linaonyesha kwamba maji yanazunguka yenyewe, na valvu ya kuzuia kurudi nyuma imekwama wazi. Itoe, uisafishe, uirudishe, kisha urudie kipimo usiku unaofuata.