Unaenda tamasha la wasomaji wa riwaya za mapenzi? Jipange hivi

Tiketi za tamasha la Book Bonanza zikitangazwa tu, magrupu yetu ya WhatsApp ya wadada wasomaji huku Texas yanachemka, na maswali ni yaleyale kila mwaka: nani anaenda, tunalala wapi, nibebe vitabu vingapi toka nyumbani, na mtu akienda peke yake si atabaki amesimama kwenye kona tu. Nimeona niyaandike sehemu moja maana haya mambo nayapenda kutoka moyoni, na inaniuma nikimuona mtu ametoa hela yake aliyoitafuta kwa shida, amesafiri, alafu anarudi kachoka na hajafurahia chochote.

Kwa ambaye ndo anasikia leo, hili ni tamasha ambalo waandishi wa riwaya za mapenzi na wasomaji wao wanakutana siku mbili tatu kwenye hoteli kubwa au ukumbi wa mikutano. Waandishi wanakaa mezani wanasaini vitabu, kwenye vyumba vya pembeni kuna mijadala, usiku kuna sherehe. Siyo kitu cha jana. Hapa Marekani mkutano wa Romantic Times, wa jarida la Kathryn Falk, ulianza 1982 New York na ukadumu mpaka 2018 ulipofanyika wa mwisho Reno, Nevada. Siku hizi yako mengi: Book Bonanza hapa Grapevine, Texas, Apollycon upande wa Washington D.C., Steamy Lit Con iliyoanza California 2023, na ukiwa Ujerumani kuna LoveLetter Convention pale Berlin. Australia nako chama cha wasomaji wenyewe ndo kinachoandaa. Kwa sisi wa Dallas na Fort Worth, ambako Wakenya na Watanzania tumejaa, Grapevine iko pua na mdomo na uwanja wa ndege wa DFW, kwa hiyo hata shoga yako wa Minnesota akija unaenda kumpokea na kuingia tamashani siku hiyohiyo.

Kitu cha kwanza, chagua tamasha kwa majina ya waandishi, usichague kwa uzuri wa tangazo. Fungua orodha ya waandishi, hesabu wangapi umewasoma na unawapenda kweli. Wakiwa watano na kuendelea nenda, wakiwa wawili jiulize mara mbili. Alafu ingia kwenye kurasa za hao waandishi wenyewe uone kama na wao wametangaza kwamba watakuwepo, maana jina kuwekwa kwenye bango la mwandaaji na mwandishi kuthibitisha ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama mwandaaji ni mpya, tafuta amewahi kuandaa nini, ukumbi ni upi, na soma masharti ya kurudishiwa hela neno kwa neno kabla hujaingiza namba ya kadi. Mei 2025 kulikuwa na tamasha moja jipya Baltimore, waandishi wamesafiri na maboksi ya vitabu wamefika wanakuta ukumbi karibu mtupu, malalamiko yakajaa TikTok wiki nzima. Matamasha mengi hayarudishi hela ila yanaruhusu kumuuzia au kumpa mtu mwingine tiketi yako mpaka tarehe fulani, hiyo tarehe iandike kwenye simu.

Na kwa mlioko nyumbani mnaotamani kuja, tiketi ya tamasha haikupi viza. Anza na viza kwanza, tiketi baadaye.

Hela sasa. Tiketi ndo sehemu ndogo, kinachokula hela ni hoteli na vitabu. Hoteli ya tamasha inakuwa na bei maalum kwa vyumba kadhaa na vinaisha haraka sana, wakati mwingine ndani ya siku ileile, kwa hiyo tafuteni wanne mchangie chumba, lakini kubalianeni mapema nani anakoroma na nani anasoma mpaka saa nane usiku taa inawaka. Kwa wanaoishi karibu sioni haja ya kulala pale siku zote, lala usiku wa sherehe tu. Vitabu vyenye jalada laini mezani ni kama dola 15 mpaka 20 kimoja, toleo maalum zaidi ya hapo, ukienda bila bajeti utashtukia umemaliza mia tatu hujafika hata nusu ya ukumbi. Mimi nashauri tenga hela ya vitabu kwenye bahasha, noti za tano, kumi na ishirini, kwa sababu mbili: bahasha ikiisha umeisha, na mtandao ndani ya kumbi hizi unazidiwa watu wakijaa, zile mashine za kadi zinagoma na mwenye noti ndo anapita.

Kuna kitu wengi hawakijui mpaka wanafika, nacho ni oda za kabla. Waandishi wengi, hasa wanaojichapishia wenyewe, wiki kadhaa kabla wanatoa fomu onlaini, unachagua vitabu, unalipia, siku ya tamasha unavikuta mezani vimefungwa na jina lako juu. Kwa mwandishi inamsaidia ajue aje na nakala ngapi, kwako wewe inakuhakikishia kile kitabu hakitaisha saa nne asubuhi. Hizo fomu zinafungwa mapema, kwa hiyo mara tu ukikata tiketi wafuate Instagramu waandishi wako wote na ujiunge na barua zao za imeili. Na kama una vitabu nyumbani unataka visainiwe, soma sheria, kila mwandishi ana yake, wengine wanasaini vitatu tu ulivyotoka navyo, wengine wanataka kwanza ununue kimoja pale. Wale wakubwa wakubwa wanakuwa na tiketi ya foleni ya peke yake au bahati nasibu, ukiikosa umeikosa, usilie, ukumbi umejaa watu wengine.

Ukishajua nani yuko wapi chukua ramani ya meza (wanaitoa siku chache kabla) na uigawe makundi matatu. Lazima: watu watano sita, hawa unaenda asubuhi milango ikifunguliwa. Ningependa: hawa mchana. Waliobaki unawapitia ukiwa na muda. Usianze mlangoni ukaenda kwa mpangilio wa meza, hapo ndo watu wanapoteza, unafika kwa mwandishi unayempenda kuliko wote saa tisa, kachoka, vitabu vimeisha.

Nikwambie na la jina, maana hili linatuhusu sisi haswa. Mwandishi amekaa, kalamu mkononi, kelele zimejaa, nyuma yako watu arobaini, anakuuliza kwa haraka nimwandikie nani. Ukimwambia Mwanaisha au Nyambura au Nsajigwa, anakuangalia, anakuomba urudie, unaanza kumtajia herufi moja moja kwa kupaza sauti, na dakika yako yote moja na nusu uliyoisubiri miezi imeishia hapo. Nunua vile vikaratasi vya njano vyenye gundi, andika jina lako kwa herufi kubwa zinazosomeka, bandika kwenye ukurasa ule ule unaotaka asaini, kila kitabu na kikaratasi chake, ufanye usiku wa kuamkia siku yenyewe ukiwa umekaa kitandani. Ukifika mezani unafungua tu kitabu, yeye anaandika anakuangalia usoni, na wewe unapata nafasi ya kumwambia ile sentensi uliyotaka kumwambia. Andaa sentensi moja tu, ya kweli. Mwambie ni sehemu gani ya kitabu chake ilikushika au ulikisoma ukiwa unapitia nini. Waandishi wamesikia "nakipenda sana kitabu chako" siku nzima, lakini ukimwambia ulikisoma zamu ya usiku hospitali ukiwa unauguza wagonjwa mpaka kukakucha, huyo hatakusahau.

Begi lako liwe hivi: begi la mgongoni imara au la kitambaa nene, maana matamasha mengi hayaruhusu vitoroli vya magurudumu ukumbini au yanataka viwe vidogo. Chupa ya maji, karanga au kashata, pawabanki, kalamu yako mwenyewe isiyochuja upande wa pili wa karatasi, dawa ya kichwa. Viatu ulivyovizoea, siyo vipya. Na khanga jamani, beba khanga, nje Texas ni joto la kuunguza lakini ndani kiyoyozi kinapigwa mpaka meno yanagongana, utajifunika kwenye foleni, utaikalia chini, jioni utafungia vitabu visikunjike pembe. Kuna wanaopenda kumpelekea mwandishi zawadi, na khanga ni zawadi nzuri mno kwa sababu ni nyepesi na yeye pia anapanda ndege kurudi kwao, tafuta yenye msemo wa mapenzi na umwambie unasema nini. Mpe mmoja tu yule wa moyoni.

Zawadi ndogondogo zitakuwa nyingi kila meza, stika, vifungo vya begi, vile vikadi vya kuweka alama kwenye kitabu. Chukua vya unaowasoma. Vingine waachie wenye navyo, kuna msomaji wa kweli wa huyo mwandishi atakuja saa kumi kukuta bakuli tupu.

Kuhusu kwenda peke yako, nenda tu. Foleni za kule siyo za benki, watu wanaongea. Uliza aliye mbele yako anamsubiri nani na wewe uanze na kitabu gani cha huyo mwandishi, basi, utaongea mpaka mfike mezani, na mkifika mnapigiana picha, mpe simu yako ikiwa tayari imefunguliwa kwenye kamera. Wengi wetu tulisoma hizi riwaya kwa kujificha, Mills & Boon za mtumba za kwenye vibanda vya barabarani, bweni zima linapokezana nakala moja iliyovalishwa jalada la gazeti ili matroni asijue ni nini. Kule unakuta mama wa miaka sabini na binti wa ishirini wanabishana kwa sauti kubwa nani alistahili kusamehewa sura ya ishirini, hamna anayepunguza sauti. Mimi hiyo peke yake inanitosha kulipa tiketi.

Mijadala usiiruke kwa ajili ya vitabu. Chagua angalau miwili, mmoja wa mwandishi unayempenda na mmoja wa kitu usichokijua, mfano wasimulizi wa vitabu vya kusikiliza, hao wanachangamsha ukumbi balaa. Ukipewa maiki uliza swali moja fupi, usisimulie maisha yako, na usitoe siri ya mwisho wa kitabu kipya hata kama wewe umeshakimaliza.

Na ninaomba sana hili, meza za waandishi weusi zipitie mapema, siyo mwisho hela ikishaisha. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kilianzishwa hapahapa Texas, mjini Houston, mwaka 1980 na mmoja wa waanzilishi wake ni Vivian Stephens, mhariri mweusi, lakini tuzo yao kubwa ya wakati huo, RITA, ilifika 2019 ndo kwa mara ya kwanza waandishi weusi wakaishinda, Kennedy Ryan na M. Malone. Karibu miaka arobaini hiyo! Nimesimama kwenye foleni ndefu nikiona meza ya pembeni ya dada mweusi mwenye vitabu vizuri kabisa haina mtu, inauma. Kama hujui uanzie wapi na unapenda hadithi za kihistoria, mtafute Beverly Jenkins, anaandika mapenzi ya Wamarekani weusi wa karne ya 19, watu wenye maduka, mashamba na shule zao.

Sherehe ya usiku vaa kitenge chako, shona mapema na kiwe na mifuko. Wale vijana wanaopigwa picha za majalada ya vitabu huwa wanakuwepo, na ni watu wako kazini, unaomba picha kwa adabu na humshiki mtu kifua mpaka akubali. Usinywe ukachelewa kulala kama kesho yake ndo siku ya kusaini.

Kurudi na mzigo ndo kunawatesa wengi. Kitabu cha jalada laini ni kama gramu 300 mpaka 400, kwa hiyo ishirini vinakaribia kilo saba, na begi la ndege kwa kawaida mwisho kilo 23. Ukiwa unakaa Marekani usihangaike, posta ya hapa ina huduma ya Media Mail, ni ya vitabu na vitu vya namna hiyo, bei yake ni ndogo mno ingawa inachelewa. Usichanganye na fulana wala vikombe, ni vitabu tu, wana haki ya kufungua boksi kukagua. Nenda na selotepu na boksi lililokunjwa kwenye gari, vilivyosainiwa vifungie ndani ya mifuko ya plastiki ile ya zipu kwanza, boksi likilowa mvua wino wa sahihi haurudi.

Ukifika nyumbani pumzika siku moja, alafu kabla vitabu havijapanda kabatini andika maoni yako Goodreads (mtandao wa wasomaji) au Amazon kwa vile ulivyoshasoma, hasa vya waandishi wadogo wanaojilipia meza wenyewe, mistari miwili mitatu inatosha. Na angalia imeili, baadhi ya matamasha yanafungua tiketi za mwaka unaofuata wiki hiyohiyo na wenye tiketi za mwaka huu wanapewa nafasi ya kununua kwanza.