Kuchambua mchicha ni zoezi: kumchezesha nyumbani mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo hapa Dar es Salaam, yaani namfundisha mgonjwa kumudu kazi za kila siku, na watoto wengi ninaowahudumia wana mtindio wa ubongo, hali ya ubongo kuumia mapema na mtoto kushindwa kumudu viungo vyake. Mama anamleta mtoto kliniki mara moja kwa wiki, mwingine mara moja kwa mwezi kwa sababu ya nauli. Siku nyingine zote mtoto yuko nyumbani, na huko ndiko viungo vyake vinakojifunza kazi.

Anza na mkao. Mtoto anayehangaika asianguke hachezi, nguvu zake zote zinaishia kwenye kujishikilia. Mkalishe kwenye kistuli kilichosogezwa ukutani, makalio yafike nyuma kabisa, magoti yakunjike, nyayo zote mbili zikanyage. Miguu ikining'inia, weka tofali chini yake. Akilalia upande mmoja, viringisha khanga umbane nazo ubavuni. Asiyeweza kukaa hata hivyo, mpakate katikati ya miguu yako, mgongo wake ukiegemea tumbo lako.

Mkono uliokunja ngumi usiufungue kwa kuvuta ncha za vidole, utazidi kukaza. Kunja kwanza kifundo cha mkono taratibu kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe, kisha toa dole gumba ukilishika kwenye shina lake.

Sasa mletee mchicha. Katika kazi zote za jikoni hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine, kwa sababu haifanyiki kwa mkono mmoja. Mkono mzito, ule usiomtii vizuri, ushike shina, mwepesi unyofoe majani na kuyatia kwenye beseni. Weka beseni upande wa mkono mzito, ili kila jani limlazimu avuke katikati ya mwili na kugeuza kiuno. Shina likimponyoka, funika mkono wake kwa wako, mshike pamoja, halafu uachie kidogo kidogo. Dakika kumi zinatosha. Akianza kukasirika, acha, mrudie jioni. Na mchicha aliouchambua yeye upikwe, uliwe, wote nyumbani wajue ni wake.

Siku nyingine mpe donge la unga wa chapati alikande, au kopo lenye kifuniko akifungue. Maharage ya kuhamisha kutoka bakuli hadi bakuli ni mazuri, ila usimwache nayo peke yake, maana yanaingia puani na kooni.

Huku mkicheza, ongea naye. Uliza "Nikupe lingine?" kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watoto hawa hujibu kwa kuchelewa, pengine kwa jicho tu au kwa mguno, nasi watu wazima tunawakatiza. Jicho likielekea kwenye jani, hilo ni jibu. Mpe.

Mwenye mtoto mchanga asisubiri. Shingo kutokaza akiwa na miezi minne, kutokaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au kutotembea akiwa na miezi kumi na minane, hizo ni sababu za kwenda kliniki wiki hiyohiyo. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT, Moshi kuna hospitali ya KCMC. Beba kadi ya kliniki, na umrekodi kwa simu akicheza nyumbani, kwani mbele ya wageni mtoto huganda na sisi hatuoni anachokiweza.