Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kupumzika Katika Visiwa Vidogo vya Pemba

Mwenye nia ya kupumzika katika visiwa vidogo vilivyo kandokando ya Pemba, kama vile Fundo, Makoongwe au Misali, autazame mwezi kabla hajachagua tarehe. Siku za bamvua, ambazo hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, hata chombo kikaweza kukwama mbali na pwani na abiria wakalazimika kuteremka na kutembea majini na mizigo yao kichwani. Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua. Saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha, na akisema tusubiri, hapana budi kusubiri. Ndiyo maana ni vyema kuacha siku moja au mbili za akiba katika mji wa Chake Chake au Mkoani, kisiwani Pemba, badala ya kufunga tiketi ya meli ya kurudi Unguja siku ileile ya kutoka kisiwani.

Upepo nao una majira yake. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, bahari huwa na utulivu zaidi, na mimi ningechagua miezi hiyo. Kusi inapokaza, Juni hadi Agosti, mawimbi humchosha hata aliyezoea.

Hesabuni watu waliomo chomboni kabla ya kung'oa nanga, na kila mmoja awe na jaketi la kuokolea. Nalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu meli ya MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba ilikuwa imejaza abiria kupita uwezo wake. Mashua ikijaa, teremka usubiri nyingine.

Misali, ulioko magharibi ya Chake Chake, hauna kijiji. Wavuvi hupiga dago hapo, yaani kambi ya muda, kisha huondoka, kwa hiyo maji ya kunywa, chakula na dawa lazima vitoke nanyi Pemba. Kisiwa hicho ni eneo la hifadhi, kasa hutaga mayai katika fukwe zake, na mgeni hana ruhusa ya kuchukua matumbawe. Chukueni mfuko wa kurudishia taka.

Katika visiwa vyenye watu, kama Fundo na Makoongwe, tafuteni mwenyeji mapema, naye ampe sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, taarifa ya ugeni wenu. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni. Kijijini mwanamke ajifunge kanga na mwanamume avae kinachopita magoti. Mwezi wa Ramadhani, mtu asile wala asinywe hadharani mchana. Fedha taslimu zichukuliwe mjini, zikiwemo noti ndogondogo, na anayetumia dawa kila siku achukue za ziada kwa siku ambazo bahari itamzuia kurudi.

Mwishowe, mwachieni mtu wa Pemba jina la nahodha, bandari mnayoondokea, na maji, ya kujaa au ya kupwa, mnayotarajia kurudi nayo.