Somo: Kuzuia anwani bandia za IP kwenye ruta ya ukingoni

Kwa kawaida ruta, hata ile ya ukingoni inayounganisha mtandao wako na wa nje, husoma anwani ya mpokeaji tu ili ijue pakiti (kipande cha data) iende wapi. Anwani ya mtumaji haiihoji, na ndiyo maana kompyuta iliyovamiwa mjini Mtwara inaweza kutuma maswali ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ikiandika anwani ya seva iliyoko Ujerumani kama ya mtumaji, majibu yakaimiminikia seva hiyo ambayo haikuuliza chochote. Tuchukue mfano wa chuo chenye anwani 203.0.113.0/24, yaani 203.0.113.0 hadi 203.0.113.255, ambazo zimetengwa kwa mifano tu, hivyo msizinakili.

Hatua ya kwanza. Kwenye mlango wa ruta unaowaelekea watumiaji, weka kanuni inayopitisha pakiti ambazo anwani ya mtumaji imo ndani ya 203.0.113.0/24, na kutupa nyingine zote. Waraka wa RFC 2827 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti) wa Mei 2000 unapendekeza hivyo, na kwa maoni yangu hatua hii inazishinda zote zinazofuata, kwa kuwa pakiti ikishafika mbali hakuna ruta inayoweza kujua kwa hakika ilikotoka.

Hatua ya pili. Kwenye mlango wa nje, kataa pakiti zinazoingia zikidai kutoka 203.0.113.0/24 yenyewe, 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 au 192.168.0.0/16 ambazo ni za mitandao ya ndani tu, au 127.0.0.0/8 ambazo kompyuta hujitumia yenyewe.

Hatua ya tatu. Washa uRPF, yaani ukaguzi wa njia ya kumrudia mtumaji, ambayo kwa hali kali huipokea pakiti iwapo tu njia bora ya kumrudia mtumaji inapita mlango uleule ilioingilia. Kwenye Linux, thamani ya rp_filter, mpangilio unaouwasha ukaguzi huo, ni 1 kwa hali kali na 2 kwa hali legevu.

Swali (Masasi): Mwalimu, tuna mkongo na setilaiti. Nilipowasha hali kali, baadhi ya tovuti zikagoma kufunguka.

Jibu: Pakiti ziliingia kwa setilaiti ilhali jedwali la njia linaonyesha mkongo, kwa hiyo ruta ikazitupa ingawa ni halali. Bakiza hali kali upande wa watumiaji, na upande wa watoa huduma tumia legevu, ambayo huridhika njia ikiwapo popote. Ila kwenye Linux, kama una njia ya chaguo-msingi, hali legevu haichuji karibu chochote, hivyo usiiache hatua ya pili.

Swali (Lindi): Ruta yangu inafanya NAT, yaani inabadilisha anwani za ndani kuwa ya nje. Bado nahitaji haya?

Jibu: Ndiyo. Ikiwa kanuni yako ya NAT inataja 192.168.1.0/24 pekee, pakiti yenye anwani nyingine haitabadilishwa, bali itatoka jinsi ilivyo.