Kupima Usahihi wa Rangi za Runinga Bapa: Anza na Kijivu

Wateja wanaoleta runinga katika karakana yangu hapa Kisumu hulalamika kwamba nyekundu imezidi au kijani kimefifia, ilhali mara nyingi kosa limo katika nyeupe, ambayo hawakuitazama hata kidogo. Nyeupe ya runinga ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu. Mojawapo ikipungua, rangi zote nyingine hupotoka pamoja nayo.

Hatua ya kwanza ni kuandaa chumba. Washa runinga kwa dakika 30 ili itulie, kisha ufunge mapazia, kwa kuwa jua letu la alasiri hushinda skrini yoyote. Ikiwa kuta zako zimepakwa kijani au waridi iliyokolea, subiri usiku na uzime taa, la sivyo utakuwa unapima rangi ya ukuta.

Hatua ya pili, ondoa mpangilio wa dukani. Runinga nyingi huuzwa zikiwa katika hali ya “Vivid” au “Dynamic”, yenye weupe unaoegemea buluu ili zing'ae kuliko jirani zake rafuni. Chagua “Movie” au “Cinema”, weka joto la rangi, yaani jinsi weupe unavyoegemea manjano au buluu, kwenye “Warm”, na uzime kila kipengele kinachojirekebisha chenyewe. Nyeupe sanifu ya video, iitwayo D65, ni takriban 6500 kwa kelvini, kizio cha joto la rangi. Mwanzoni itaonekana ya manjano, kama shati lililofuliwa kwa maji ya mto. Lipe jicho dakika kumi lizoee kabla ya kuhukumu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi. Kwa programu yoyote ya picha, chora vipande 11 vya kijivu, ambacho ni nyeupe iliyopunguzwa mwangaza, kila kimoja kikiwa na thamani sawa ya nyekundu, kijani na buluu: 0, 25, 50 na kuendelea hadi 250. Hifadhi picha kwenye flashi na uifungue katika runinga. Hakuna kipande kinachopaswa kuwa na dalili ya rangi. Vipande vyeusi vya mwanzo vikiungana kuwa kimoja, ongeza kidogo kiwango cha weusi, ambacho menyu nyingi hukiita “Brightness”. Ikiwa umeunganisha kompyuta kwa waya wa HDMI, hakikisha kwanza kwamba pande zote mbili zinatumia mipaka ileile ya weusi na weupe, kwani video ya kawaida huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, wakati kompyuta hutumia 0 hadi 255.

Kwa runinga iliyotumika, weupe unaoelekea zambarau ni jambo jingine kabisa. Taa nyingi za LED zilizo nyuma ya kioo ni za buluu kwa asili, na hugeuzwa nyeupe na fosfori, yaani tabaka linalozifunika na kubadili rangi ya mwanga wake. Fosfori hiyo ikichakaa, buluu hupenya. Hakuna mpangilio utakaoponya hali hiyo. Badilisha taa zote kwa pamoja, kwa sababu ukichanganya mpya na kuukuu utapata mabaka.

Hatua ya nne ni kupima kiasi cha rangi kwa picha ya majaribio ya mistari ya rangi (“color bars”), ukiitazama kupitia plastiki ya buluu. Ijaribu plastiki kwanza: mistari ya nyekundu na kijani ikitazamwa kupitia kwayo inapaswa kuwa myeusi, na isipokuwa hivyo, kunja plastiki mara mbili. Rekebisha “Color” hadi mstari wa kijivu na wa buluu ulingane kwa mwangaza, kisha “Tint” hadi ule wa samawati na wa urujuani ulingane.

Mwishowe tazama nyuso, hasa ngozi nyeusi iliyo kivulini, kwa maana kijani au wekundu uliojificha katika kijivu cheusi zaidi hujitokeza hapo kwanza. Nyasi za uwanja wa mpira haziaminiki, kwani kila uwanja una kijani chake. Mimi humwita mama auzaye leso jirani yangu, ambaye jicho lake hunishinda.

Anayehariri picha kwa malipo anahitaji kipimarangi, kifaa kinachosoma rangi za skrini na kutoa tofauti kati ya rangi inayoonekana na iliyo sahihi kwa tarakimu iitwayo delta E. Chini ya 3 inatosha kwa kazi nyingi. Na kwa kuwa runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa kila tundu la HDMI peke yake, rudia thamani zilezile upande wa king'amuzi kabla ya kumwita mteja.