Fremu ya kuteremkia mawe ya Mwanza: kuikagua, kuipima na kuichagua

Fremu nyingi za mashindano ya kuteremka milima zilibuniwa kwa miteremko isiyofanana na yetu. Mwanza ni mwamba wa graniti ulio wazi, ngazi za mawe kati ya nyumba, changarawe inayoteleza juu ya jiwe, na makorongo yanayochimbwa upya kila masika. Kutoka juu ya Isamilo, Bugando au Igogo hadi kwenye lami ni dakika chache, halafu inabidi upande tena: kwa pedeli, kwa kusukuma, au kwa kuipakia baiskeli kwenye bajaji. Fremu kamili ya mashindano, yenye milimita 200 za mwendo wa gurudumu la nyuma, ilitengenezwa kwa mtu anayepandishwa juu kwa lifti ya kamba. Nzito, siti yake haiinuki vya kutosha, na kupanda nayo ni mateso.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vilima hivi ni fremu yenye mwendo wa nyuma wa milimita 150 hadi 170, au fremu ya chuma cha kromoli isiyo na shokapu ya nyuma, inayokubali foku (miguu inayoshika gurudumu la mbele) ya milimita 130 hadi 140. Mwendo ni umbali ambao gurudumu linapanda kuelekea fremu linapokanyaga jiwe. Anayeanza achukue ya kromoli. Ina viungo vichache vya kuharibika, na ikipata ufa kuna fundi anayeweza kuiokoa.

Duka la fremu mpya za aina hii ni nadra huku kanda ya ziwa, hivyo wengi wananunua za mtumba. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Tafuta nyufa kabla ya kuuliza bei

Osha fremu kwa maji na sabuni, ikaushe, kisha iangalie kwa tochi ukiiweka ubavuni mwa bomba, mwanga ulale juu ya rangi. Tochi ikimulika moja kwa moja inaficha ufa. Ikilala, ufa unatupa kivuli. Anza pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba hilo, sentimita tano hadi kumi kutoka kwenye mshono. Ukihisi wimbi au uvimbe, hata mdogo kiasi gani, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache hapo hapo, hata kama rangi yake inang'aa.

Endelea kwenye sehemu ya juu ya bomba la siti, hasa mwisho wa mpasuo wa kubania nguzo ya siti. Wengi huchomoa nguzo kupita alama yake ya mwisho, na uzito wote unabebwa na sentimita chache za juu. Nguzo inatakiwa iwe ndani angalau sentimita 10. Kisha kagua mishono karibu na ekseli ya pedeli, masikio yanayoshika shokapu, na mikono ya nyuma pale inapojipinda kulipisha tairi.

Ukiona mstari na hujui kama ni ufa au mkwaruzo wa rangi, tumia mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa mahali hapo, subiri dakika 20, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Mkwaruzo wa juu juu hautachora kitu. Ni njia ya zamani ya mafundi wa mashine, na kwa bomba la aluminiamu inafanya kazi vizuri kabisa ikiwa ufa umeshapasua rangi. Kwa fremu za kaboni haitoshi, kwa sababu kaboni huachana tabaka kwa tabaka ndani huku juu pakiwa pazima. Fremu ya kaboni ya mtumba isiyo na historia inayojulikana, kwa mawe ya hapa, hatuipendekezi kwa mtu yeyote.

Muuzaji akikuambia ufa wa aluminiamu "utachomelewa tu", kataa. Aluminiamu ya 6061, iliyo kwenye fremu nyingi, hupata nguvu yake kwa kupashwa moto kiwandani, ikapozwa ghafla, kisha ikapashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Ukiichomelea mtaani, eneo linalozunguka mshono linarudi kuwa laini, na fremu itakatika kando ya mshono mpya, mara nyingi ukiwa kwenye kasi. Kromoli inachomeleka, ila si kwa vijiti vizito vya umeme vya kutengenezea mageti. Bomba lake lina unene wa karibu milimita moja, na moto huo unalitoboa. Tafuta fundi wa gesi anayejua kuunga kwa shaba.

Jambo moja la mtumba ambalo wengi hawalifikirii: maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, lakini fremu yako huenda imetoka kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Vua nguzo ya siti utazame ndani ya bomba. Unga mweupe kwenye aluminiamu, au nguzo iliyoganda isiyotoka, ni dalili kwamba chumvi imeshakula.

Halafu kuna kunyooka. Funga kamba nyembamba kwenye sehemu ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, izungushe shingo ya usukani, irudi upande wa kulia, uikaze. Pima umbali kati ya kamba na bomba la siti kila upande. Tofauti ikizidi milimita 3, nyuma imepinda, na gurudumu halitafuata njia ya lile la mbele.

Vipimo vinavyoamua kama utapata vipuri

Beba kalipa (kifaa cha kupimia upana na kipenyo), au hata rula nzuri ya chuma. Fremu nzuri isiyopata vipuri Mwanza itaishia kuning'inia ukutani, na inauma kuona hivyo.

Nyuma, pima nafasi kati ya masikio mawili ya ekseli, kwa ndani. Utapata milimita 135, 142, 148, 150 au 157. Baiskeli nyingi za kawaida za milimani zina habu (kitovu cha gurudumu) ya 135, kwa hiyo fremu ya 135 ndiyo rahisi kuipatia gurudumu. Ya 142 inakubalika. Habu nyingi za 135 zenye vifuniko vinavyobadilika zinageuzwa kuwa 142. Zile za 150 na 157 kwa kawaida ni za mashindano ya kuteremka. Usizichukue kama haziji na gurudumu lake la nyuma.

Kwenye ekseli ya pedeli, pima upana wa bomba. 68 na 73 zenye nyuzi za skrubu ndani ndizo za kutafuta. 83 ni ya mashindano na inahitaji ekseli ndefu ambayo ni shida kuipata. Bomba lisilo na nyuzi, ambamo beringi hugongwa kwa kubana, linahitaji kifaa maalumu cha kubania, na vumbi likiingia linaanza kulia kila unapokanyaga. Kwenye bomba lenye nyuzi, kumbuka upande wa kulia, wa mnyororo, hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Nyuzi za fremu nyingi za mtumba zimeharibiwa na mtu aliyelisahau hilo, basi zitazame kwa mwanga kabla ya kulipa.

Shingo ya usukani ipimwe kipenyo cha ndani, vikombe vya beringi vikiwa vimetolewa. 34 ni ya zamani na inakubali foku yenye bomba lililonyooka la 28.6 tu. 44 inakubali pia bomba pana chini, kwa kikombe cha chini kinachokaa nje. Shingo yenye 49.6 juu na chini ndiyo yenye uhuru zaidi, kwa sababu kwa vikombe sahihi inapokea karibu foku yoyote.

Usifunge foku ya mashindano yenye mataji mawili (taji ni daraja linalounganisha miguu ya foku) kwenye fremu ambayo mtengenezaji hakuiruhusu. Foku hiyo haipindi, kwa hiyo kila pigo la jiwe linapelekwa lote kwenye mishono ya shingo, na shingo inang'oka. Hata foku ya taji moja ikiwa ndefu kuliko ilivyokusudiwa ina madhara: kila milimita 20 za ziada zinalaza usukani kwa karibu nyuzi 1 ya pembe na kuinua ekseli ya pedeli.

Ukubwa wa gurudumu: kama huna uhakika wa kuagiza tairi kutoka Dar es Salaam, inchi 26 bado ndiyo salama. 27.5 na 29 zinapita juu ya mawe vizuri zaidi, hilo ni kweli, ila tairi ikichanika upande kwenye graniti usitegemee kupata nyingine siku hiyo hiyo.

Kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu nyingi kinakuwa na umbo la fremu hiyo tu. Ndicho cha kwanza kupinda. Hakikisha kimefungwa kwa skrubu na kinatoka, kisha kiagize cha akiba wiki ile ile uliyonunua fremu, wakati bado unakumbuka jina la modeli.

Shokapu ya nyuma na viungo vyake

Shokapu hupimwa kwa namba mbili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na kiasi inachojikunja. Kwa mfano 200 kwa 57, au 216 kwa 63. Gawanya mwendo wa gurudumu kwa namba ya pili: 160 gawanya kwa 57 ni 2.8. Jibu likiwa chini ya 3, shokapu haiteswi. Likizidi 3, mtu mzito atahitaji springi ngumu sana au hewa nyingi mno.

Kati ya hewa na springi, hapa tunachagua springi. Shokapu ya hewa inahitaji pampu yake ndogo inayofika hata bari 20. Kompresa ya fundi wa tairi haifiki huko, na pampu ya kawaida ndiyo kabisa. Springi ina namba mbili zimeandikwa juu yake, kama 450 x 2.8: ya kwanza ni ugumu, ya pili ni kiasi inachoweza kujikunja kwa inchi, na isiwe pungufu ya shokapu yako. Ukikaa kwenye baiskeli ukiwa na kofia ngumu na begi, shokapu inatakiwa inepe kati ya asilimia 25 na 30. Kwa yenye milimita 57 ni milimita 14 hadi 17. Ikinepa zaidi, tafuta springi ngumu zaidi. Kukaza kola (pete inayobana springi) hadi mwisho hakusaidii.

Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto na kulia huku mkono mwingine ukigusa kila kiungo. Kinachogonga kina beringi iliyokwisha. Beringi zina namba ubavuni. 608, 6000 na 6001 zinatumika kwenye mashine na mota nyingi, hivyo maduka ya beringi huwa nazo. Chagua zenye mpira pande zote mbili. Zile nyembamba, kama 6802, ni ngumu kupatikana, na hilo peke yake linaweza kuamua kati ya fremu mbili.

Mkao

Pembe ya usukani ya nyuzi 64 hadi 65 inafaa njia zetu. 62 hadi 63 inatulia kwenye kasi kubwa lakini inayumba ukienda polepole, na njia za vilimani Mwanza ni njia za watu: kina mama wenye ndoo, watoto wa shule, wazee wanaopanda ngazi. Lazima uweze kupunguza mwendo, kukata kona kali na kusimama. Ipime kwa programu ya pembe kwenye simu, ukiilaza juu ya bomba la foku, baiskeli ikiwa imesimama sakafu tambarare.

Kwa urefu wa fremu, ning'iniza timazi kutoka katikati ya tundu la juu la shingo, kisha pima kwa mlalo, sambamba na sakafu, kutoka uzi huo hadi katikati ya ekseli ya pedeli. Mtu wa sentimita 165 hadi 175 anakaa vizuri kati ya milimita 425 na 455. Wa 175 hadi 185, kati ya 450 na 480. Ekseli ya pedeli iwe juu ya ardhi kwa milimita 345 hadi 355. Chini ya hapo pedeli zitagonga ngazi za mawe. Mikono ya pedeli ya 165 badala ya 170 inasaidia kidogo.

Baadhi ya fremu zina kibandiko cha daraja la matumizi, 1 hadi 5, kinachofuata kiwango cha ASTM F2043. Daraja la 3 ni kwa kuruka chini ya sentimita 61, la 4 hadi 122, la 5 kwa kuteremka kwa nguvu zote. Kwa hapa tafuta la 4 kwenda juu. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida huwa chini ya ekseli ya pedeli, iwepo na isiwe imekwanguliwa. Iliyokwanguliwa usiiguse, na iliyopo iandikwe kwenye risiti.

Ukishaifunga, kaza bolti za viungo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye vichwa vyake, weka gundi ya nyuzi, kisha chora mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye fremu. Baada ya mteremko wa kwanza tazama mistari hiyo. Uliokatika ni bolti iliyozunguka: ivue, safisha nyuzi, weka gundi mpya, kaza tena kabla ya kupanda juu.